Shajara ya karatasi ya mezani: kuchapa, kusahihisha, kunyoosha, kuhariri

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, na nusu ya mji wa Mtwara imelala. Nimefungua duka hivyo hivyo, kwa sababu steshenari haijui sikukuu: lazima atokee mtu anayetaka kopi ya kitambulisho na anaitaka sasa hivi. Redio inasema leo pia ni Siku ya Kiswahili Duniani. Basi kazi niliyoiahirisha tangu mwezi uliopita naianza leo, kabla msimu wa korosho haujaingia na makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima hawajaanza kupanga foleni hapa na makaratasi yao.

Chanzo nakiandika kama kilivyotokea. Katibu wa chama kimoja cha msingi alileta muhtasari wa kikao, kurasa nne za daftari, mwandiko wa mkono. Akamwambia kijana wangu wa kompyuta, "Nichapie, halafu nirekebishie-rekebishie hapo palipokaa vibaya." Kijana akachapa, akarekebisha. Tahajia ikanyooka, nukta zikakaa mahali pake. Aya ya nne ilikuwa inasema "Wanachama waliomba magunia yaletwe mapema." Yeye akaona "waliomba" ni neno la kinyonge, halifai kwenye karatasi itakayopigwa muhuri. Akaweka "waliazimia." Katibu akasaini bila kusoma, maana gari la kwao lilikuwa limeshawasha.

Kikao kilichofuata, muhtasari unasomwa ili uthibitishwe, mzee mmoja akanyoosha mkono: tuliazimia lini? Azimio lina mtoa hoja, lina waliomuunga mkono, lina watu wa kuulizwa kwa nini halijatekelezwa. Ombi halina hayo. Katibu alirudi kwangu uso umemvimba.

Kijana alijitetea kwa sentensi moja tu, na mpaka leo sijapata la kumjibu: "Dada, si alisema nirekebishe?"

Kwa hiyo mradi ni huu: karatasi moja ya kubandika mezani, yenye maneno ya kazi hii ya kugusa maandishi ya watu, kila neno na mpaka wake. Mteja anyooshe kidole, nasi tujue mkono wetu unaruhusiwa kufika wapi. Tuko watatu: mimi, kijana, na Mwalimu, mstaafu wa jirani aliyefundisha Kiswahili Newala kisha hapa mjini, ambaye huja dukani kila asubuhi kusoma magazeti bila kuyanunua.

Alhamisi, 10 Julai

Tumeweka daftari chini ya kaunta. Kila mteja anapotoa agizo, tunaandika neno alilotumia, hilo hilo, kabla hatujalitafsiri kichwani.

"Rekebisha" linaongoza kwa mbali. Linatumika kwa kila kitu: kosa la herufi, jina lililosahaulika, aya nzima ya kuondolewa, picha ya pasipoti yenye kivuli. Linalofuata ni "niwekee sawa." Halafu kuna "nipitie kidogo," "nipitishie macho," "nyoosha," "safisha," "ipige pasi" (huyu ni fundi cherehani), "iweke kwenye lugha ya kiofisi." Mama mmoja wa samaki kavu, Shangani, alisema tu, "Mwanangu, itazame. Isinitie aibu."

Hakuna hata mmoja aliyesema "hariri." Neno lililo juu ya menyu za programu, neno la vyuoni na magazetini, halijakanyaga kaunta yetu kwa siku nne.

Jumatano, 16 Julai

Leo Mwalimu amekuja na daftari la mjukuu wake, darasa la tano, kutuonyesha "sahihisha" lilikozaliwa katika vichwa vyetu. Juu ya ukurasa kuna wino mwekundu: tiki nne, alama za kukosa sita, chini yake 4/10. Ukurasa unaofuata kichwa chake ni MASAHIHISHO, kimepigiwa mistari miwili kwa rula, na chini yake mtoto ameandika maneno sita yale yale, safari hii yakiwa sawa, kila moja mara tano.

"Unaona?" akasema Mwalimu. "Mimi nikisema ninasahihisha mitihani, sigusi hata herufi moja ya mtoto. Natia tiki, natia alama ya kukosa, natoa maksi. Anayefanya masahihisho ni yeye aliyekosea."

Nimefundishwa, nimesahihishwa, nikakua, na sikuwahi kuiona hiyo. Kitenzi kimoja kina kazi mbili: mmoja anahukumu, mwingine anatengeneza. Na neno lenyewe limejengwa juu ya "sahihi": kusahihisha ni kukifanya kitu kiwe sahihi, maana yake kuna jibu moja linalojulikana na lako limelikosa. "Ambae" dhidi ya "ambaye." "Kwa ajiri ya" dhidi ya "kwa ajili ya." "Garama" dhidi ya "gharama." Pale huna haja ya kumwuliza mteja anataka ipi. Lakini "waliomba" haikuwa kosa. Hakuna kamusi ambayo ingempa kijana ruhusa ya kuigusa.

Hapo hapo kijana akauliza: na mteja akiandika "masaa matatu"? Mwalimu akasema ni kosa, saa haina wingi wa ma-. Kijana akasema mtaani wote wanasema masaa. Mwalimu akasema mtaani wote wanavuka barabara bila kutazama. Nikawaacha, kulikuwa na mtu wa kulamineti cheti cha ndoa.

Jumamosi, 19 Julai

"Hariri" hatimaye limetajwa dukani, ila na sisi wenyewe. Nilimsomea rasimu ya orodha mama anayeuza vitenge mlango wa pili. Nilipofika "tutaihariri barua yako" akacheka: "Hariri si kitambaa? Mtaivika barua?" Hakukosea. Kamusi zinayaweka yote mawili, hariri ile nyororo na hariri ya maandishi, kila moja na namba yake, na yote yametoka Kiarabu kwa njia mbalimbali. Kutoka kwa hilo la pili tuna mhariri, na tahariri ya gazetini.

Mwalimu anasema tofauti ni mamlaka. Mhariri wa gazeti anakata habari ya mwandishi kutoka kurasa mbili hadi aya tatu na hamwombi radhi. Anahamisha ya mwisho kuwa ya kwanza. Anauliza, "Nani kasema hivi?" Akiona haina kichwa wala miguu anairudisha. Yaani anayehariri anasimama upande wa msomaji, na mwandishi amekubali iwe hivyo. Mteja wetu hajakubali chochote. Amekuja kuchapiwa.

"Durusu" nimelifuta. Ni zuri, lina undugu na "darasa," na kwenye vitabu utakuta "toleo lililodurusiwa." Ila Wakenya wengi wakilisikia wanafikiria kujisomea kabla ya mtihani, na hapa Mtwara nikisema nitaidurusu barua yako utaniangalia kama nimekutukana.

Jumamosi, 26 Julai

Hii siku naiandika ndefu.

Mwalimu alinipeleka Mikindani kwa shekhe mmoja, mtu mzima, rafiki yake wa bao. Tulipanda daladala, tukashuka karibu na maji, tukapita kati ya yale magofu ya mawe ya matumbawe. Nilikwenda kuuliza maana ya "mswada," basi. Tukakaa mpaka adhuhuri.

Kwanza alinijibu nililouliza. Mswada, au muswada kama wanavyopenda kuandika bungeni, ni neno la weusi. Kwa Kiarabu ni karatasi iliyotiwa weusi: umeandika, umekata, umeandika juu ya ulichokata, mpaka ukurasa umekuwa mweusi kwa wino. Ukishamaliza kuvurugana nayo unainakili upya, na hiyo nakala safi kwao inaitwa iliyotiwa weupe. Sisi tuliuchukua weusi tukauacha weupe. Nikakumbuka karatasi za yule katibu, mishale imepita juu ya mishale, na nikaona kweli.

Kisha akaleta kitabu cha fiqhi kilichonakiliwa kwa mkono, cha babu yake, majani yamekuwa rangi ya chai. Akafungua katikati. Ndani ya mstari, baina ya maneno mawili, kuna mkwaju mdogo wa wino umepanda juu na kupinda kuelekea pembeni. Ukiufuata unafika pambizoni, na pale pameandikwa maneno matatu kiubavu, herufi ndogo kuliko za ndani. Mwishoni mwake kuna herufi mbili peke yake: swadi na hei. "Sahh," akasoma. "Mnakili aliruka maneno. Alipolinganisha na kitabu alichonakili kutoka kwake akagundua. Hakukwangua wala hakubana maneno ndani ya mstari. Ameyaweka nje, halafu ametia hii kuonyesha kwamba ni sehemu ya kitabu, si maoni yake."

Nikamwuliza kama kuna maoni pia. Akafungua kurasa mbili mbele: pambizo imejaa mwandiko mwingine, wa mtu mwingine, wino mwekunduekundu, na haina ile alama. Huyo alikuwa anaeleza. Msomaji akipita miaka mia baadaye anajua lipi liliandikwa na mwenye kitabu, lipi lilirukwa likarudishwa, na lipi ni la msomaji aliyemtangulia. Ukurasa mmoja, watu watatu, na hakuna aliyemfunika mwenzake.

Na hiyo "sahh" ndiyo mzizi wa sahihi yetu. Sahihi iliyo kweli, na sahihi unayotia chini ya barua. Mwalimu, ambaye amefundisha nomino na vitenzi miaka yote ya ujana wake, alikaa kimya.

Shekhe akasema watu wa mwambao huu wana makarani siku nyingi. Zipo barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa huko Goa, India, na ni katika maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyobaki. Sijui kwa nini lilinifurahisha vile. Labda kwa sababu Kilwa ni hapo tu, mkoa wa Lindi, na mimi nilikuwa nadhani kazi yangu ilianza na kompyuta.

Tulirudi na mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Uamuzi wa siku: chochote tutakachoongeza au kubadili nje ya tahajia kitawekwa pambizoni kwa penseli, mteja akione kabla hakijaingia ndani.

Jumamosi, 2 Agosti

Mzee mmoja aliyewahi kupanga herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni alikuja kutoa kopi, nikamtega na kiti na chai. Huyu ndiye aliyetupa "prufu," yaani chapa ya majaribio. Walikuwa wanapiga prufu ya kwanza, inasomwa, wanatoa herufi mbaya kwa koleo wanaingiza nzuri, wanapiga ya pili. Usomaji ulikuwa wa watu wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti, pamoja na nukta na mikato, "nukta, herufi kubwa," mwenzake anafuata kwa kidole kwenye prufu. Na amri yao ilikuwa fuata mswada. Kosa la mchapaji unasahihisha, kosa la mwandishi unalipigia alama na kumrudishia mwandishi. Likipita na kitabu kikaenda mashineni, ndipo kinachomekwa kikaratasi cha makosa ya chapa.

Tumejaribu jioni hii. Kijana anasoma kwa sauti, mimi nafuata. Barua ya ukurasa mmoja tulikamata neno lililoandikwa mara mbili na mstari mzima ulioruka. Wateja wanatushangaa lakini wanangoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wameenda Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya wakulima. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Hakuna kilichofanyika.

Alhamisi, 14 Agosti

Binti wa jirani anayesoma sheria yuko likizo. Nilimwomba atuambie wanasheria wanasemaje, akaja na Katiba ya 1977 mkononi. Ibara ya 98 inazungumzia kubadilisha masharti ya Katiba, na inaeleza kwamba kubadilisha ni pamoja na kurekebisha, kusahihisha, na kufuta na kuweka masharti mengine badala yake. Yaani walioiandika waliona tatizo la kaunta yangu wakalitatua kwa kuchagua neno moja liwe mwavuli, na mengine yakae chini yake. Mwalimu alifurahi kama amepandishwa cheo.

Ila kilichonisaidia zaidi ni namna wanavyoandika badiliko lenyewe. Hawasemi "kifungu cha 5 kimerekebishwa" wakaishia hapo. Wanasema kinarekebishwa kwa kufuta neno fulani lililopo mahali fulani, na badala yake kuweka neno fulani. Au kwa kuongeza maneno kadha mara baada ya neno kadha. Inachosha kusoma, lakini la zamani unaliona, jipya unaliona, na mahali panajulikana. Ni ile ile pambizo ya Mikindani, ila imetaipiwa.

Wana neno lingine, "urekebu": kuzikusanya sheria zote pamoja na marekebisho yake yaliyotawanyika na kuzitoa kama toleo moja safi, kama hili la mwaka 2023. Nililipenda, nikataka kuliweka. Kijana akauliza nani atakuja hapa kufanyiwa urekebu. Limetoka.

"Rasimu" limebaki bila ubishi. Tangu ile rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, hata muuza karanga analijua: ni andiko ambalo bado linaruhusu kubishiwa. Masharti ya vyama vya msingi nayo huja hapa yakiwa rasimu. Chama hakibadili masharti yake kwenye steshenari, yanapita mkutano mkuu kisha yanakwenda kwa Mrajis wa vyama vya ushirika. Kwa hiyo karatasi ya namna hiyo, hata kama mwenyekiti mwenyewe amesema "rekebisha," tunagusa tahajia na hatuvuki.

Jumanne, 19 Agosti

Leo limekuja lile nililokuwa naliogopa. Kijana mtanashati, sauti ya chini: "Dada, nina cheti hapa, nirekebishie mwaka tu." Mwaka wa kuzaliwa. Mwaka tu!

Nilimwambia hiyo haiitwi kurekebisha, inaitwa kughushi, na aliyekosewa cheti anarudi kilipotolewa. Akaondoka akisema nina roho mbaya. Ila ukimsikiliza, neno alilotumia ni lile lile la yule katibu, na la mama anayetaka jina la mwanawe liandikwe kwa herufi moja badala ya mbili. Ndiyo kasoro ya "rekebisha": limekuwa zuri mno, halikatai mgeni.

Mwalimu akakumbuka "kuchakachua." Lilianza kwenye mafuta, dizeli inachanganywa na mafuta ya taa, kisha mwaka 2010 likahamia kwenye kura, na tangu hapo kila kitu kinaweza kuchakachuliwa, hadi muhtasari wa kikao. Nilimkumbusha kwamba ndilo hasa neno ambalo katibu alimtupia kijana siku ile. Kijana alikuwa anasikia, akajifanya anahesabu karatasi.

Jumamosi, 23 Agosti

Rasimu ya karatasi. Tumegombana tangu asubuhi, na hii ndiyo hali ilivyo.

Ya kwanza ni chapa kama ilivyo. Tunachapa ulichoandika, tukiona kosa tunakuonyesha kwa penseli, uamuzi ni wako. Ya pili, sahihisha: tahajia, nukta, mkato, upatanisho wa sentensi, kutenganisha "kwa hiyo" na kuunganisha "naye." Maana haiguswi. Ya tatu, nyoosha: sentensi ndefu inakatwa, iliyopinduka inageuzwa, neno lililorudiwa linatafutiwa jingine, na kila badiliko unaliona kabla ya kusaini. Ya nne ni hariri, tunapunguza, tunahamisha, tunauliza maswali, unarudi kesho.

Kijana alitaka ya tano, "fumua," kwa barua ambazo haziponi, unazifumua uzi wote na kushona upya. Mwalimu alilipenda neno lakini akasema hiyo si barua ya mteja tena, ni barua yako. Sijaamua. Barua za maombi ya kazi karibu zote ni za kufumua na wenyewe wanajua.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa "pogolea." Mkulima mmoja wa Naliendele, mwezi uliopita, alisema barua yake ina matawi mengi, tuipogolee. Mwezi huu wote watu wako mashambani na salfa zao za kupulizia mikorosho, hapa hakuna asiyejua kupogolea mkorosho: unaondoa matawi yaliyokufa na yanayosongana, shina hulisogelei, na hukati tawi linalozaa. Sioni neno lingine linalosema kupunguza maandishi bila kuyaua kwa ufupi kama hilo. "Fupisha" linaniambia urefu tu, haliniambii niache nini. Mwalimu anasema halimo kwenye istilahi za uandishi. Nikamwambia sasa limo. Tumeliweka ndani ya mabano, chini ya "hariri," kwa herufi ndogo, na amesema litatolewa siku nisipokuwepo.

"Boresha" limekataliwa kwa kauli moja. Anayeboresha ameshajisifu kabla hajaanza.

Kwa upande wa kompyuta tumebandika karatasi nyingine ndogo kwenye fremu ya kioo, ya kijana mwenyewe: kata, nakili, bandika, hifadhi, tendua. Hili la mwisho ndilo tamu. Anika, anua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Tenda, tendua! Wabantu walishaweka kitufe cha kurudisha nyuma ndani ya kitenzi tangu zamani. Tatizo ni kwamba tendua inafanya kazi kabla karatasi haijatoka dukani tu.

Chini kabisa, kwa herufi nzito: HATUGUSI TAREHE, MAJINA WALA FEDHA BILA MWENYEWE KUWEPO. HATUGHUSHI.

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki moja ya majaribio. Wateja wengi wanachagua ya pili. Wachache wanachagua ya tatu, kisha wakiona penseli pembeni wanasema "sawa, sawa, weka zote" bila kusoma, nami nawasomea kwa nguvu. Mzee mmoja alisoma karatasi yote kwa utulivu, akauliza bei ya kila moja, akachagua ya kwanza.

Bei hatujapanga vizuri. Kunyoosha ukurasa mmoja kunakula muda wa kuchapa kurasa tano, na hakuna atakayelipa mara tano.

Jumamosi, 6 Septemba

Katibu amerudi.

Alikuja na muhtasari wa kikao kipya. Alisimama mbele ya ile karatasi, akaisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, midomo inatikisika. Nikamkaribisha kiti akakataa. Akasema, "Dada, nataka namba moja. Kama ilivyo."

Kijana akapokea. Chini ya kichwa "Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita," katibu alikuwa ameandika kwa mkono wake, na sijui alisaidiwa na nani: "Katika aya ya 4 neno 'waliazimia' lifutwe, na badala yake liandikwe neno 'waliomba'. Wajumbe wote wamekubali kwahiyo muhtasari umethibitishwa." Alikuwa amekuja na nakala ya zamani pia. Pale penye "waliazimia" pana mstari mmoja tu wa wino, neno bado linasomeka, juu yake "waliomba," na pembeni sahihi mbili, ya mwenyekiti na yake.

Kijana akachapa. Nilimtazama alipofika "kwahiyo." Mkono ulisita juu ya kibodi, akaiacha imeshikana kama ilivyo. Ilipotoka kwenye printa akachukua penseli, akaandika pambizoni kwa herufi ndogo "kwa hiyo?" akampa katibu kwa mikono miwili.

Katibu aliisogeza karatasi mbali na macho, akaileta karibu. Akaomba kalamu. Akapitisha kistari cha wima kati ya "kwa" na "hiyo," akatia sahihi yake pembeni, akauliza, "Hii nayo mnalipisha?"